Rangi Si Dawa ya Kutu

Katika miji ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, gari dogo la familia huwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni ile inayoonekana na watu: bodi inayong'aa, viti vilivyovikwa vitambaa, injini inayowaka mara moja. Sura ya pili imo chini ya kapeti, ndani ya vizingiti vya milango na nyuma ya magurudumu, mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki mpaka siku ile fundi anapogusa bati kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama iliyochomwa katika mkate. Siku hiyo husemwa kwamba gari limezeeka, na watu wote huridhika na kauli hiyo.

Kauli hiyo si sahihi. Umri peke yake hauli chuma. Kinachokila chuma ni mmenyuko wa kikemia ambao kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa, na ambao huweza kucheleweshwa kwa miaka mingi kwa hatua chache zisizohitaji mtambo wowote. Kinachozuia hatua hizo aghalabu si uhaba wa maarifa wala wa mafundi, bali ni desturi ya kuuficha ugonjwa badala ya kuutibu. Desturi hiyo imeenea katika bodi, katika injini, na hata katika breki. Na mwenye kuilipia mwishowe ni familia iliyomo ndani ya gari.

Jambo hili si dogo. Kwa watumishi wengi, gari dogo ndilo mali ya thamani kubwa kuliko zote baada ya nyumba. Hupeleka watoto shuleni, mgonjwa hospitali na mizigo sokoni. Mara nyingi limenunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka kadhaa ng'ambo, hasa Japani, na limelipiwa kwa akiba ya muda mrefu. Kila bati linaloliwa na kutu ni sehemu ya akiba hiyo, tena ni fedha za kigeni, inayogeuka vumbi jekundu.

Chuma kinavyorudi udongoni

Ardhini chuma hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni katika mawe ya madini, mengi yao yakiwa na rangi nyekundu. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walijua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita namna ya kukitenga. Waliyachoma mawe hayo pamoja na makaa ndani ya tanuri lililopulizwa kwa mivukuto. Kaboni ya makaa iliichukua oksijeni, chuma kikabaki. Matanuri makubwa ya viwanda vya leo hufuata kanuni iyo hiyo.

Kutu ni safari ya kurudi. Kazi iliyofanywa na tanuri kwa moto mkali hutenguliwa polepole na hewa na maji, bila moto, usiku na mchana. Kila atomu ya chuma huachilia elektroni mbili na kuwa ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi mahali pengine penye maji na oksijeni, na hapo huzaa ioni za haidroksidi. Ioni za pande hizo mbili zikikutana ndani ya maji, na oksijeni zaidi ikiongezeka, hutokea ile kahawia tunayoiita kutu.

Kwa hiyo kutu huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: chuma, maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, kazi husimama. Chumvi haimo katika orodha hiyo, nayo haili chuma kwa nafsi yake. Kazi yake ni kurahisisha njia. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kwa sababu hiyo mmenyuko wote huenda kasi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Si ajabu basi kwamba bati linalodumu Dodoma au Tabora huchakaa mapema Tanga au Unguja.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilichotumika kuitengeneza. Ndiyo maana rangi huvimba na kutoa malengelenge kabla tundu halijaonekana. Lengelenge si mwanzo wa ugonjwa. Ni dalili kwamba chini yake chuma kimekwisha kuliwa kwa muda.

Somo la tone moja

Katika miaka ya 1920 mwanakemia Mwingereza Ulick Evans, wa Cambridge, alifanya jaribio ambalo shule yoyote inaweza kulirudia. Aliweka tone la maji ya chumvi juu ya bati safi la chuma akalitazama. Mtu angetarajia kwamba sehemu inayopata oksijeni nyingi, yaani ukingo wa tone, ndiyo itakayoliwa kwanza. Ilikuwa kinyume chake. Chuma kililiwa katikati ya tone, mahali ambapo oksijeni hufika kwa shida, na kutu ikajipanga kama pete baina ya kitovu na ukingo. Penye oksijeni nyingi hupokea elektroni. Penye oksijeni haba hutoa chuma.

Jaribio hilo dogo linaeleza maradhi ya gari kuliko maelezo mengi ya gereji. Bati lililo wazi, linalolowa na kukauka mara moja, haliliwi haraka. Kinacholiwa ni bati lililofunikwa na tope nyuma ya gurudumu, lililolala chini ya kapeti mbichi, lililobanwa na mpira wa dirisha, au lililokunjwa juu ya jingine ndani ya kizingiti. Huko unyevu hukaa na oksijeni huingia kwa mwendo wa konokono. Mwenye gari hupangusa paa na boneti kila asubuhi, sehemu ambazo hazina hatari kubwa, na huziacha miaka mitatu zile zinazooza.

Waundaji wa magari wanalifahamu jambo hili, ndiyo maana huacha matundu madogo ya kutolea maji chini ya kila mlango na kila kizingiti. Pia, hasa tangu miaka ya 1980, viwanda vingi vimeongeza matumizi ya mabati yaliyopakwa zinki. Zinki huachilia elektroni kwa urahisi kuliko chuma: kipimo chake ni volti 0.76 chini ya sifuri, na cha chuma ni volti 0.44. Bati likikwaruzwa kidogo, zinki huliwa kwanza na chuma husalimika. Lakini zinki nayo huisha. Wale wanaosema kwamba magari ya zamani yalikuwa imara kuliko ya leo wana nusu ya ukweli: mabati mengi ya zamani yalikuwa mazito, ila mengi yake hayakuwa na ngao hiyo.

Chumvi hupita wapi

Upepo wa bahari ni mlango mmoja tu. Upo mlango wa kivuko, ambako mawimbi hurusha maji chini ya magari. Upo mlango wa buti: gari la familia lililobeba samaki kutoka sokoni huachiwa maji ya barafu na chumvi, nayo huteremka chini ya gurudumu la akiba na kukaa humo. Upo mlango wa kisima: sehemu nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya visima yenye chumvi, na gari linalooshwa kwa maji hayo kila wiki hutoka safi kwa macho huku limepakwa chumvi upya. Mafuriko ya masika nayo hujaza tope katika matundu ambayo hayatazamwi tena.

Upo pia mlango wa mbali, ambao wanunuzi wengi hawaufikirii. Katika sehemu za Japani na Uingereza zenye theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari lililoendeshwa huko huweza kushuka bandarini likiwa limekwisha kubeba maradhi yake chini ya sakafu, hata kama rangi yake haina mkwaruzo.

Kosa la puti

Sasa itazamwe tiba iliyozoeleka. Tundu likitokea, fundi hulijaza puti, hulisugua kwa msasa, hulipiga rangi, na gari hurudi barabarani baada ya siku mbili. Kwa muda wa miezi michache hakuna anayeweza kutofautisha. Lakini puti haina nguvu ya chuma. Kutu iliyoachwa chini yake ina unyevu na chumvi ndani yake, na sasa imepewa giza na kificho, mambo yale yale ambayo tone la Evans liliyaonyesha. Baya zaidi, mara nyingi puti na rangi huziba matundu ya kutolea maji, na mlango hugeuka ndoo.

Kuchomelea bati jipya ni afadhali, ila nako kuna kasoro inayosahauliwa. Moto wa kuchomelea huunguza rangi na zinki ya upande wa ndani usioonekana. Fundi hupaka rangi upande wa nje tu. Chuma kilichobaki uchi kwa ndani huanza kuliwa mara tu mvua ya kwanza inaponyesha, na kiraka hudondoka kabla ya miaka miwili kutimia.

Itakuwa si haki kuwatwika mafundi lawama zote. Fundi hufanya kazi anayolipiwa. Mwenye gari hutaka bodi ing'ae kwa fedha kidogo, kwa kuwa anajua mnunuzi naye atatazama mng'ao. Hivyo soko zima humtuza anayeficha na kumwadhibu anayetibu. Mwathirika ni familia ya mwisho katika mlolongo huo, iliyonunua vizingiti vya puti ikidhani ni vya chuma. Vizingiti na nguzo za bodi si pambo. Ndivyo vinavyozuia gari kukunjana likigongwa, na mikanda ya usalama imefungwa katika mabati hayo hayo. Penye puti, mkanda hauna pa kushika.

Dawa ya udanganyifu huo ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kilaini. Bati la chuma huivuta. Penye puti nene sumaku huteleza na kuanguka. Mnunuzi aipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu, akikumbuka kwamba bampa nyingi ni za plastiki na hazivuti kamwe. Kifaa hicho kimo katika maabara ya kila shule.

Puti ya injini

Desturi ya kuficha haikuishia katika bodi. Ndani ya injini kuna themostati, kifaa kidogo chenye nta inayopanuka kwa joto. Hufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta wakati joto linapofikia kiasi cha nyuzi 82 za Selsiasi, na hufunga injini ikiwa baridi. Injini ikianza kuchemsha, mafundi wengi huitoa themostati na kuitupa, wakisema kwamba ni ya nchi za baridi. Hoja hiyo haisimami. Hewa ya nyuzi 30 bado iko nyuzi 50 chini ya joto ambalo injini iliundwa kufanyia kazi. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi. Petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda. Na mvuke wa maji hubaki ndani ya oili badala ya kufukuzwa.

Maji hayo si machache. Mwanafunzi anaweza kukokotoa kutokana na mlinganyo wa kuungua kwa oktani kwamba lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji. Katika safari ndefu hutoka yote kama mvuke. Katika safari fupi za kwenda sokoni na kurudi, sehemu yake huganda ndani ya bomba la moshi na kulila kutoka ndani. Ndiyo sababu bomba hutoboka upande ambao hakuna tope lililowahi kuugusa.

Kuchemsha kwenyewe mara nyingi kumeletwa na kutu. Rejeta ikijazwa maji ya bomba au ya kisima, bloku ya injini ya chuma huliwa, na tope jekundu huziba mirija ya rejeta. Kichwa cha silinda, kwa kuwa mara nyingi ni cha alumini kilichounganishwa na bloku ya chuma, hufanya na maji hayo kitu kama betri, na alumini huliwa karibu na gasketi. Kulanti iliyochanganywa sawa kwa sawa na maji safi ina viambato vinavyozuia mmenyuko huo, na kiwango chake cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzi 107 hata kabla ya kuongezwa shinikizo la kifuniko. Kutoa themostati huku mirija ya rejeta imeziba ni sawa na kupiga puti: dalili hutoweka, ugonjwa hubaki.

Hatari kubwa zaidi imo katika breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Kwa kipimo cha kimataifa, mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. Gari lililojaa abiria likiteremka mlima Kitonga kwa kukanyaga breki mfululizo laweza kupandisha joto hilo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubanwa, kimiminika hakibanwi. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Unyevu huo huo hula silinda za breki kwa ndani, huku chumvi ikila mabomba yake membamba kwa nje. Kuongeza mafuta mapya juu ya yale machafu hakutoshi. Yanapaswa kumwagwa yote na kubadilishwa, aghalabu kila baada ya miaka miwili.

Hoja ya gharama

Yupo atakayesema kwamba ushauri huu ni wa matajiri. Kwamba mwenye gari la miaka 20 amelinunua kwa sababu hana uwezo wa jipya, na hawezi kununua kulanti wala kumlipa fundi anayefanya kazi kwa ukamilifu. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, kwani ni kweli kwamba kulanti na mafuta ya breki vina bei. Lakini gasketi iliyoungua na kichwa cha silinda kilichopinda vina bei kubwa zaidi, na tena huja bila taarifa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zaidi ya hayo, hatua zenye manufaa makubwa kuliko zote hazina gharama. Kunyunyiza maji matamu chini ya gari na nyuma ya magurudumu baada ya safari ya pwani au masika. Kuzibua matundu ya milango kwa kijiti. Kuinua kapeti na kulianika. Kukausha buti lililobeba samaki. Kukwangua lengelenge dogo mpaka chuma kimeremete, kukipaka rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya kawaida. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari. Ni kweli kwamba oili hufukuza maji kwa muda, lakini huharibu mipira ya bushi na hudondokea udongoni pamoja na sumu iliyobeba kutoka katika injini. Grisi au nta maalumu hufanya kazi hiyo bila madhara kama hayo.

Darasa na gereji

Katika shule nyingi jaribio la misumari mitatu hufanywa: mmoja katika hewa kavu, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, wa tatu katika maji na hewa. Mwanafunzi huandika jibu, hupata alama, na hufunga daftari. Miaka 15 baadaye mwanafunzi yuyo huyo humwambia fundi afunike kutu kwa rangi. Hapo ndipo elimu ilipokatika. Haikukosewa darasani, haikuvuka tu lango la shule.

Tiba yake haihitaji mtaala mpya. Mwalimu wa kemia aweza kuomba gereji ya jirani mlango mmoja wa gari uliotupwa, aukate na kuwaonyesha wanafunzi jinsi ulivyooza kutoka ndani. Misumari ya ukubwa mmoja, iliyosuguliwa kwa msasa na kupimwa uzito, iwekwe katika vyombo vinne: maji ya mvua, maji ya kisima cha mtaani, maji ya bahari, na mchanganyiko wa kulanti. Baada ya siku 14 isuguliwe kutu na kupimwa tena. Kulanti ni sumu yenye utamu, hivyo chombo chake kiandikwe na kufungiwa mbali na watoto na wanyama. Nambari zitakazopatikana zitakuwa za mtaa ule, za kisima kile, nazo zitasemwa nyumbani jioni.

Fundi naye aitwe darasani, si kama mtuhumiwa bali kama mwalimu mwenza, kwa kuwa ameona kutu nyingi kuliko mwanakemia yeyote. Atajifunza kwa nini kiraka chake hudondoka; wanafunzi watajifunza mahali pa kutazama. Vyuo vya ufundi stadi viipe tiba ya upande wa ndani wa bati uzito ule ule unaopewa mng'ao wa nje. Wanunuzi waulize kwanza kilichomo chini ya sakafu, ndipo waulize rangi.

Hakuna nchi iliyokwisha kuishinda kutu, wala haitatokea, maana chuma siku zote kitatamani kurudi kilikotoka. Kinachowezekana ni kukichelewesha, na kuhakikisha kwamba kikiondoka kinaonekana. Bati lenye tundu lililo wazi humwonya dereva. Bati lililojazwa puti humwacha aendeshe kwa matumaini, na matumaini hayasimamishi gari.